Ubao wa Kuzibia Dohani

4 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mikono imechubuka kwa saruji. Jengo letu limefika ghorofa ya tatu. Kifua vipi? Jirani ananiambia unakohoa. Ni ile dohani ya moshi. Tangu tununue jiko la gesi haina kazi, inashusha upepo na masizi tu. Anayekwambia ni fundi uashi, si mtoto. Pima mdomo wa dohani pale mekoni, kata plaiwudi, pachika, toboa matundu machache ya hewa ukuta usije ukaota ukungu. Kazi ya asubuhi moja.

Binti yako

11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kinakwenda na kurudi, lakini nipo. Sikiliza. Alasiri upepo ukipita juu ya paa, dohani inaimba. Mama yako aliimba hivyohivyo akipika, mdomo kaufumba. Navuta kiti mekoni, sijui kama nimelala au niko macho, chumba kinakuwa na joto la zamani, naye yumo. Sasa unataka nimzibe mdomo?

Haya, nitapima.

Baba yako

2 Julai

Mwanangu,

Hujambo huko? Umenyamaza, umeninunia? Ubao nimekata. Nilipima kwa utepe wangu wa kupimia nguo, nikaazima msumeno. Haukuingia. Nimeusukuma, nimeubembeleza, wapi. Kumbe nimeacha inchi moja kila upande, ya pindo. Miaka arobaini ya kushona suruali za watu, mkono haujui tena kukata bila kuacha ziada. Basi ubao umeegemea ukuta na mama yako anaendelea kuimba. Nilifurahi, sikufichi.

Baba yako

9 Julai

Baba,

Shikamoo. Hilo pindo limenichekesha mpaka wenzangu wakateremka kutoka jukwaani kuuliza kulikoni. Halafu nikalia mbele yao.

Nilikudanganya. Kifua chako kinanitia hofu, kweli, lakini si hicho. Siku tuliyotoka kumzika nilikaa mekoni, dohani ikaanza kuimba, nami nikaitika, "Abee mama." Kwa sauti, baba. Nikafunga begi siku ileile, na huu ni mwaka wa pili. Siwezi kuingia nyumba inayoniita na mama hayumo. Ziba, nije.

Binti yako

18 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Kumbe ndiyo hiyo. Ungesema mapema.

Pindo nimelipunguza. Ubao umekaa kama kola shingoni, matundu sita ya hewa. Leo alasiri upepo umepita, nyumba kimya. Nimesikia saa ya ukutani, ambayo sikujua kama bado inatembea. Nimekaa kitini kwa mazoea tu. Nimeumia, nisikudanganye. Lakini yeye nimemsikia kila siku miaka miwili, na wewe sijakusikia hata siku moja ukiingia mlangoni.

Njoo.

Baba yako

25 Julai

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako nimekaa nayo siku tatu mfukoni, naibeba mpaka juu kwenye matofali. Msimamizi amenipa ruhusa, nafika Jumamosi mchana.

Naomba uutoe ubao kabla sijafika. Bado naogopa. Lakini nataka kumsikia nikiwa nimekaa karibu yako, na nikishindwa utanishika. Kuziba kutangoja.

Binti yako