Paa Moja na Mama Evodie

Jumatano, 1 Mei 2024

Ziwa limeingia jikoni leo. Na samaki wake! Daniella wangu amemnasa mmoja kwa sufuria, chini ya meza. Tumemkaanga. Baba yake, Ghislain, hakucheka — kasema Jumamosi tunapanda mlimani, basi. Nikacheza palepale, maji ya vifundoni! Nusu ya avenyu yetu iko huko juu tayari, na karibu kwaya nzima. Kuta zetu za huko zimesimama tangu Machi, zinangoja mabati tu. Mabati ya nyumba hii.

Ndiyo shida. Nyumba hii tunagawana na Mama Evodie, mjane — ukuta mmoja, paa moja. Tukiezua upande wetu, wake utabebwa na upepo. Naye hataki kuhama.

Ijumaa, 3 Mei

Nimembembeleza Mama Evodie asubuhi yote. Kasema maji huja na hurudi. Kasema mlimani kuna vumbi. Mwisho kasema misumari ile aliigonga marehemu mumewe. Kichwa kigumu! Nimerudi nimenuna, kisha nimelia. Miaka yote hii napika nikimsikia akikohoa ng'ambo ya ukuta.

Nikamwambia Ghislain: hatuezui. Tutafunika turubai huko juu. Kafoka kwamba nyumba bila bati ni zizi. Nikamjibu basi mimi nitakuwa mbuzi. Akashindwa, akacheka.

Jumapili, 5 Mei

Tumehama jana! Wanakwaya walibeba kitanda wakiimba, godoro likapanda pikipiki. Leo mvua — tumekula ndani na mwavuli. Furaha gani hii! Majirani ni walewale, hata wale nisiowapenda.

Ila Mama Evodie yuko peke yake kule chini. Ugali wangu nimempa Daniella.

Jumanne, 7 Mei

Siamini. Mikokoteni miwili ya mabati imepanda mlima — kaezua paa lote, yetu na yake — na Mama Evodie nyuma, viatu mkononi. Hakunisalimu. Kasema kule chini hakuna hata mtu wa kugombana naye. Kisha akazunguka nyumba, akamkuta Ghislain anakandika ukuta wa kushoto, akamshika mkono.

"Papa Daniella, muache huu ukuta hivi hivi. Wangu njo utashikamana hapa."

Nani kamkaribisha ajenge ubavuni mwetu? Kiwanja ni chetu, na chenyewe kidogo! Ghislain, udongo mkononi, ananitazama mimi niseme neno. Nimejifanya naandika. Mama Evodie ameshaanza kupima kwa hatua —