Kompyuta Ilisema Nimenyimwa Ruhusa, Nikamshitaki Wifi Yangu

Mpendwa Shangazi,

Naomba msaada wako, na naomba unijibu kabla ya Alhamisi, kwa maana Alhamisi kamati inakaa kumjadili wifi yangu, dada wa mume wangu, na mtu pekee anayejua kwamba hana kosa ni mimi niliyemshitaki.

Mimi ni karani katika kituo cha kuhifadhi damu. Hospitali ikitaka damu ya kundi fulani na jokofu letu halina, naingia kwenye kompyuta, natafuta nani ana damu hiyo na anakaa karibu, nampigia simu aje. Majina yote, zaidi ya elfu tisa, yamo kwenye kanzidata, na anayeisimamia kanzidata hiyo ni wifi yangu, ambaye ndiye aliyeniambia kuna nafasi ya kazi pale, na ndiye aliyenifundisha kuandika kwa mkono amri za kutafutia majina pale ile fomu ya kawaida inapogoma, tena alinifundisha siku tatu mfululizo, saa yake ya mapumziko.

Sasa wiki moja kabla ya mambo haya tulikuwa tumekwaruzana. Mama mkwe anaishi kwetu, wifi akaja kumwona, akapapasa ukuta wa chumba, akasema mbele ya mume wangu, "Mama mnamlaza kwenye unyevu." Neno hilo nililimeza, lakini halikushuka.

Basi Jumanne saa nne asubuhi hospitali inapiga simu, kuna mama amejifungua, damu haikatiki, na kundi lake ni lile adimu. Fomu ikagoma. Nikaandika amri kwa mkono, mbiombio, kompyuta ikanijibu kwa maandishi mekundu kwamba nimenyimwa ruhusa ya kusoma jedwali, yaani ile orodha ya majina. Mimi, ninyimwe, jedwali nililolisoma jana yake! Nikabonyeza kitufe cha mshale kinachorudisha amri ya mwisho, nikaituma tena, nikanyimwa tena, nikafanya hivyo mara sita, na kila niliponyimwa nilizidi kuwa na hakika, hata ilipofika mara ya sita nilikuwa nayasikia yale maandishi kwa sauti ya wifi yangu.

Nikampigia. Alikuwa mkutanoni nje ya kituo.

"Wifi, mbona umenifungia?"

"Nimekufungia nini? Sijagusa kitu. Hebu nisomee ulichoandika, herufi kwa herufi."

"Kwa hiyo sijui kusoma?"

"Wifi, nisomee tu."

Nikakata simu. Tukaenda kufungua makabati ya kadi za zamani, watu wanne, tukipekua kadi moja moja, mpaka tukampata mwalimu mmoja aliyekuja mbio na chaki mikononi. Ilipita saa moja na dakika arobaini. Yule mama alipona, alirudi nyumbani na mwanawe, nashukuru.

Lakini jioni ile niliandika ripoti ya kurasa mbili, nikasema wifi aliniondolea ruhusa makusudi "kutokana na tofauti za kifamilia", nikaweka na sahihi. Mkuu wa kituo akamnyang'anya funguo za chumba cha kompyuta, akampeleka stoo kubandika lebo kwenye chupa hadi kamati ikae. Kesho yake akaja fundi mwingine, akanipa ruhusa ya kila kitu, nikaandika amri kwa utulivu, majina yakamiminika, na ofisi nzima ikasema, mmeona?

Siku kumi baada ya Jumanne ile nilikuwa natafuta amri fulani ya zamani kwenye orodha ambayo kompyuta inaitunza. Nikaziona zile sita, zimepangana kama askari. Jedwali letu linaitwa "wachangiaji". Mimi nilikuwa nimeandika "wachagiaji". Mara sita, bila N.

Nikamwuliza yule fundi, kama mtu anayeuliza tu: inakuwaje mtu akosee jina la jedwali halafu aambiwe amenyimwa ruhusa, badala ya kuambiwa jedwali hilo halipo? Akacheka. "Mwenye ruhusa chache mashine haimwambii kipi kipo na kipi hakipo, asije akachungulia. Inamjibu kwamba amenyimwa, basi. Hata ukiandika jina la paka wako utaambiwa umenyimwa."

Shangazi, mume wangu amegombana na dada yake kwa ajili yangu. Mama mkwe ananiuliza kila siku, "Mwanangu mbona haji?" nami namwambia ana kazi nyingi. Nikisema ukweli nitafukuzwa, na nyumbani sijui nitauweka wapi uso. Nikinyamaza, atafukuzwa yeye. Nimewaza niseme kompyuta ndiyo iliyonidanganya, maana kweli ilidanganya. Hilo halitoshi?

Ni mimi,
Karani Niliyenyimwa

*

Karani,

Pole. Hiyo ndiyo pole yako yote kwa leo, nyingine nampelekea aliyeko stoo.

Halitoshi. Kompyuta ilikuambia umenyimwa ruhusa. Haikukuambia na nani. Jina la wifi yako halikuwamo kwenye yale maandishi mekundu, uliliweka mwenyewe, na ulilitoa kwenye ule ukuta wa chumba cha mama mkwe. Ndiyo, jibu la mashine lilikuwa la kupotosha, nimemwuliza mwanangu anayefanya kazi hizo, akaniambia yeye mwenyewe alishawahi kupoteza siku mbili kwa jibu kama hilo, akibadilisha ruhusa za watu chungu nzima kumbe kosa ni nukta. Lakini yeye alipoteza siku zake. Wewe umepoteza siku za mwenzio.

Na usinichekeshe na ile herufi N. Kila mtu anakosea herufi. Kosa lako lilianza pale ulipoulizwa swali la kitaalamu, ukalijibu kwa hasira za kifamilia. "Nisomee herufi kwa herufi" halikuwa tusi. Lilikuwa dawa, tena ya bure, na mtu alikuwa anavuja damu huku wewe unalinda heshima yako. Nakuambia kwa ukali kwa sababu naona unajua. Asiyejua haandiki barua ndefu hivi.

Sikiliza sasa.

Chapisha zile amri sita kwenye karatasi, pamoja na saa zake. Nenda kwa mkuu wa kituo kabla ya kamati, si ndani ya kamati, maana mbele ya watu utaanza kujieleza. Wifi yako ulimchafua kwa maandishi, msafishe kwa maandishi: ripoti mpya, ukurasa mmoja, na ile sentensi ya "tofauti za kifamilia" uifute kwa kuitaja. Usiandike "kumetokea hali ya kutoelewana". Andika: nilikosea jina la jedwali, nilikataa kusoma nilichoandika, nilimsingizia.

Siku hiyohiyo mwambie mume wako, kisha mama mkwe. Usimtume mume wako akuombee msamaha. Ulipokwenda kushitaki hukumtuma.

Kwa wifi yako nenda peke yako, mikono mitupu, zawadi iache dukani. Usimwambie "tusamehane", yeye hakukufanyia kitu. Sema ulichofanya, omba radhi, halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kutakakokutoa jasho.

Kazi unaweza kuipoteza, sitakudanganya. Ukibaki nayo, siku mashine ikikukatalia, usiitume amri ileile mara sita kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyokuwepo. Omba orodha ya majedwali, linganisha jina na jina, kisha mwite yeyote aliye karibu umsomee kwa sauti. Macho yako yanajua ulichokusudia, ndiyo maana hayaoni ulichoandika.

Na ukuta wa mama, je? Barua nzima hukusema kama una unyevu au hauna. Kaupapase.

Shangazi

*

(Barua ya Karani tuliijibu kwa barua pepe kabla ya kuichapa, kwa sababu ya ile Alhamisi. Jumatatu iliyofuata alituletea haya, akaomba yachapwe pamoja.)

Shangazi, nilikwenda Jumatano. Mkuu wa kituo alisoma ukurasa wangu mara mbili, akauliza, "Na hii N ulikuja kuiona lini?" Nikamwambia siku tano zilizopita. Akasema, "Siku tano." Afadhali angepiga kelele. Kamati ilikaa ikiwa na karatasi yangu. Wifi amerudishiwa funguo. Mimi nimepewa barua ya onyo, na nimehamishiwa mapokezi, kompyuta siigusi.

Mume wangu alilala sebuleni siku mbili. Ukuta una unyevu, bomba la bafuni linavuja kwa ndani. Mama tumemhamishia chumba chetu.

Kwa wifi nilikwenda Alhamisi jioni. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, mkono juu ya kitasa. Nilisema ulivyoniambia, nikanyamaza. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Siku ile ulipokata simu, ulikuwa umeshanihukumu?" Nikasema ndiyo. Akasema ahsante kwa kuja, akafunga mlango taratibu.

Jana alikuja nyumbani. Nilipofungua nilidhani tutakumbatiana, nikafungua na mikono. Akanisalimia vizuri, akanitazama usoni.

"Wifi, kusamehe nitasamehe," akasema. "Lakini si leo. Leo nimekuja kumwona mama."

Nikampisha, akapita.