Kwa Tonton Amisi, Aliyenipeleka Kanisani

Tonton Amisi wangu,

Leo ni Jumatatu ya Pasaka. Shule imefungwa, mume wangu amewapeleka watoto Bengamisa kumsalimia bibi yao, na nimebaki peke yangu na mvua inayopiga bati. Hukuwahi kupata barua yangu hata moja. Tuliishi nyumba moja, na nilipoolewa kulikuwa na simu. Mwaka sasa simu haikufikii. Nakuandikia kwa sababu jana nilifanya jambo ambalo ningelifanya ukiwa hai kama ningekuwa na moyo wa kutosha, na nataka nikueleze mwenyewe lilivyokwenda.

Nilikuwa na miaka minane wewe, baba yangu mkubwa, ulipokuwa mzazi wangu. Baba, mdogo wako, alikuwa amekwisha kufa, lori lilipopinduka naye kwenye barabara ya Bafwasende. Kisha mama akaugua, akalala miezi mingi, na kila ukifunga cherehani ulipita kumwona. Siku moja alikuita karibu na kitanda, mimi nimekaa miguuni pake. Yeye alikuwa Mkristo. Ninyi mlikuwa Waislamu wa Kisangani tangu enzi za mababu wa mababu. Baba alikuwa amekubali nibatizwe upande wa mama, lakini baba hakuwepo tena.

"Shemeji," mama akasema, "mutoto atabaki kwako. Usimukataze kanisa."

Ukamjibu, "Sitamukataza. Nitamupeleka mimi mwenyewe."

Alikuomba usinizuie tu. Hilo la kunipeleka uliliongeza wewe, na sijui kama siku ile ulijua ni Jumapili ngapi.

Baiskeli yako ilikuwa nyeusi, na nyuma ulikuwa umeifungia kiti ulichokishonea mto kwa mabaki ya vitambaa vya wateja wako. Nilikaa juu ya mto huo, mkono mmoja umeshika shati lako, na tukatoka mtaani kwetu Kabondo mapema kabla barabara haijapata moto. Ulinishusha mbele ya lango la parokia, ukavuka barabara, ukakaa kwenye benchi la fundi viatu. Mfukoni ulikuwa na sindano, uzi na shati la mtu lililosubiri vifungo. Misa ilikuwa ndefu, unakumbuka. Padri alipenda kuhubiri na kwaya haikukubali kushindwa. Nilipotoka, shati lilikuwa limepata vifungo vyote.

Nyumbani, dada yako Zaina hakunyamaza. Namkumbuka amesimama uani, mikono kiunoni.

"Amisi, watu wanaongea. Mutoto wa ndugu yetu unamupeleka kanisani na baiskeli yako mwenyewe, wewe ambaye hukosi Ijumaa?"

"Nilimwambia mama yake ndiyo," ukasema huku unapima kitambaa. "Ndiyo yangu iko moja, Zaina. Sina ya mama akiwa hai na ingine ya mama akikufa."

Shangazi alitikisa kichwa, lakini Jumapili iliyofuata ndiye aliyenisuka nywele ili usichelewe.

Sasa nafika pale ambapo sikuwahi kupafikia mbele yako.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, ninajiandaa kwa komunyo ya kwanza siku ya Pasaka. Katika kundi letu alikuwepo Bernadette, binti wa mkuu mmoja wa ofisi, mwenye viatu vyeupe na sauti ambayo wote tuliifuata. Nilitaka anipende. Jumapili ya Matawi tulitoka misani, tukasimama langoni na matawi yetu ya mchikichi, nawe ukavuka barabara kuja kunichukua. Ulikuwa na kofia yako, na vumbi kwenye suruali mpaka magotini. Bernadette akauliza, "Yule mzee mwenye kofia ni nani kwako?"

Nikajibu, "Hapana, yule iko mutu wa toleka tu."

Mji mzima ulijaa toleka wakati ule, wale waliobeba watu kwa baiskeli, kwa hiyo uongo wangu ulikuja kirahisi. Nilipogeuka ulikuwa hatua tano tu kutoka kwangu. Nilikuona umesikia. Ningeweza kufa pale. Nilingojea unikemee mbele ya wote, ungekuwa na haki. Badala yake uligeuza baiskeli, ukapangusa kile kiti kwa kiganja kama wanavyofanya watu wa toleka, ukaniuliza kwa heshima, "Mama, tunaenda?"

Uliubeba uongo wangu ili nisiaibike, Tonton. Nilipanda. Tulipofika ukaenda moja kwa moja kwenye cherehani yako.

Wiki ile ile katekista alitufundisha jinsi Petro alivyomkana Bwana wake mara tatu kabla jogoo hajawika. Watoto walimcheka Petro. Mimi niliangalia sakafu.

Nilidhani hutanipeleka tena. Asubuhi ya Pasaka niliamka, nikakuta gauni jeupe juu ya kiti, limepigwa pasi, na mikono ya lasi. Sijui uliimalizia lasi ile saa ngapi. Ulikuwa mlangoni na baiskeli. "Uko tayari? Bon, panda, tusichelewe." Na hivyo ikaendelea, Jumapili baada ya Jumapili, mpaka nilipokuwa mkubwa wa kwenda kwa miguu yangu.

Sikukuomba msamaha. Kila mwaka uliopita uliufanya uwe mgumu zaidi. Hata siku ya ndoa yangu, uliniongoza mpaka kwenye ngazi za kanisa, ukasema, "Ingia, mama, mimi nitabaki inje, niko sawa." Nilipaswa kukushika mkono na kuingia nawe. Nilisema tu, "Ndiyo, Tonton," na nilisema haraka mno.

Mwaka jana ulipofariki, wanaume walikubeba, sisi wanawake tukabaki uani. Shangazi Zaina alikaa karibu nami, macho makavu, akaniambia taratibu, "Wewe alikutembeza miaka yote ile. Yeye, nani alimutembeza?" Tangu siku ile niliendelea kwenda misani, lakini nilikaa benchi la mwisho na kutoka kabla ya baraka. Sikupoteza imani. Kilichokuwa kinanisumbua ni kwamba nilikuwa naimba kwa sauti juu ya msamaha ambao mwenyewe sikuwahi kuuomba.

Mwezi uliopita katekista alikuja shuleni, akaningoja mpaka watoto walipotoka.

"Mwalimu Furaha, tunakutafutia kazi. Somo la kwanza siku ya Pasaka."

"Tafuteni mwingine," nikasema.

"Mwingine tunaye. Tunakutaka wewe. Angalia kwanza, kisha ukatae."

Akaniachia karatasi. Niliifungua nyumbani. Lilikuwa somo lile la Matendo ya Mitume, Petro amesimama katika nyumba ya mtu wa taifa jingine, watu ambao ndugu zake hawakuketi nao, anawaeleza bila hofu habari za Yesu aliyefufuka. Nilikuwa nimelisikia somo hilo maisha yangu yote bila kutambua anayesema ni nani. Ni yule yule aliyekana. Kanisa linapofika asubuhi yake kubwa kuliko zote, wa kwanza kusikika kwenye masomo ni mtu yule. Nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikalia, kisha nikamtumia katekista ujumbe kwamba nitasoma.

Lakini sikutaka kusoma nikiwa bado nimefunga mdomo kwa upande mwingine. Juzi, Jumamosi asubuhi, nilikwenda kwa Shangazi Zaina. Nilimkuta anachambua mchele. Anaona kidogo siku hizi, vidole ndivyo vinavyomwonyesha mawe. Nikakaa kwenye mkeka, nikamweleza yote: lango, matawi, Bernadette, neno nililosema. Hakuacha kuchambua.

Nilipomaliza akasema, "Ile najua."

"Unajua?"

"Alirudi siku ile, akaniambia, 'Mutoto amesema mimi niko mutu wa toleka.' Mimi nikawaka. Nikasema, alors, umurudishe kwa watu wa mama yake, tuone nani atamubeba. Akasema hapana."

"Alisema nini, Shangazi?"

Akaweka ungo chini. "Akasema, 'Mutoto hakunikataa mimi, aliogopa wenzake. Nikiacha kumupeleka sasa, ataona woga inalipa. Nikiendelea, siku moja ataacha kuogopa.' Kisha akaniomba kipande cha lasi kwenye sanduku yangu."

Nililaza kichwa changu kwenye mapaja yake kama mtoto, na yeye akaniacha. Miaka hii yote nilifikiri nimekuficha moyo wangu, kumbe uliusoma kabla yangu na ukaamua kuungoja ukue.

Jana niliamka kabla ya majirani. Sikuchukua pikipiki. Mume wangu na watoto walitangulia, mimi nikaenda Kabondo kwanza, nikasimama mbele ya nyumba yako, na kutoka hapo nikaifuata ile njia yetu kwa miguu, peke yangu. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, barabara ilikuwa na madimbwi mekundu, na vijana wa pikipiki walinipigia honi kila hatua, "Mama, panda! Mama, Pasaka njema, panda!" Toleka zimebaki chache. Niliwapungia mkono, nikaendelea. Nilipofika lango la parokia viatu vyangu vilikuwa na matope mpaka kwenye kifundo, na sikujali hata kidogo. Nilijua ninakokwenda na kwa nini.

Kanisa lilifurika. Nilipopanda kusoma, niliweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Nilisoma polepole, kila neno kwa uzito wake, nami niliamini kila neno. Ningependa usikie sauti yangu ilivyofika mpaka kwenye milango.

Baada ya misa nilimtafuta Bernadette. Ni mama wa kwaya sasa, mnene, mwenye kicheko cha kuita watu. Nikamshika mkono, nikamwambia nina neno.

"Siku ya Matawi, tulipokuwa watoto, uliniuliza kuhusu mzee mwenye kofia. Nilikudanganya. Hakuwa mtu wa toleka. Alikuwa baba yangu. Ndiye aliyenilea."

Aliniangalia kwanza kama asiyeelewa. Kisha akapiga makofi.

"Furaha! Ile ndiyo imekusumbua mpaka leo? Lakini sisi wote tulijua! Mutu wa toleka gani anangojea mutu mpaka misa inaisha, kila Jumapili, mvua na jua?" Akanikumbatia mpaka kitambaa cha kichwa kikaniteleza. Halafu akanong'ona, naye hakuwa anacheka tena, "Mimi baba yangu alinituma na dereva. Nilikuwa nakuonea wivu."

Mchana tulikwenda wote kwa Shangazi na chakula: lituma, ndizi tulizoziponda wenyewe, na samaki waliopikwa ndani ya majani. Watoto wakakimbia uani, mume wangu akatengeneza mlango unaolegea. Shangazi alikula vizuri. Kisha akafuta vidole, akaniuliza, "Mulisoma nini kule?"

Nikamsomea, hapo hapo uani, kwa Kiswahili. Alisikiliza kichwa kimeinama. Nilipomaliza akataka kujua Petro ni nani, nikamweleza, na kwamba alikuwa amemkana Bwana wake.

"Na nani alimurudisha?"

"Yesu mwenyewe, alipofufuka. Alimkuta ziwani asubuhi, akamchomea samaki, akamwambia aje ale. Kisha akamuuliza kama anampenda."

"Hakumupiga?"

"Hakumpiga."

"Hakumutukana mbele ya wenzake?"

"Hapana, Shangazi."

Watoto walikuwa wanapiga kelele karibu na kisima, hakuwasikia. Kisha akasema, "Basi alifanana na Amisi."

Mimi, Tonton, kwa imani yangu, ningesema wewe ndiye uliyefanana naye. Lakini sikumsahihisha. Nilimwongezea samaki.

Nisamehe, Tonton. Nayaandika maneno haya kwa mara ya kwanza, na nayaandika nikijua jibu lake, kwa sababu ulilitoa mlangoni asubuhi ile ya Pasaka na mimi sikulitambua. Wewe uliniacha nisali kwa namna yangu na ukaenda Ijumaa kwa namna yako, na hukuniomba hata siku moja nichague kati ya Mungu na wewe. Mungu akulaze pema. Mvua imekatika sasa, na watoto wako njiani kurudi; naenda kuwasha moto.

Kwaheri, Tonton.

Mtoto wako,
Furaha