Bakuli la Nyama ya Wifi Yangu

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mwanamke, miaka 46, fundi cherehani, maarufu kwa jina la Mama Vifungo. Anaishi kwa mlalamikaji, ambaye ni mdogo wake wa tumbo moja.

Mlalamikaji nimemlea mimi baada ya wazazi wetu kufariki. Nasema haya kwa hiari yangu, ingawa nimechoka na macho yananiwasha.

Wifi yangu, mke wa mlalamikaji, ana mimba ya miezi saba. Mwanzoni mwa mwezi huu nilimsindikiza kliniki. Alipimwa, damu ikaonekana imepungua sana. Muuguzi alimpa vidonge, akamwambia pia ale nyama nyekundu kila ikipatikana, maana ina madini ya chuma ambayo mwili huyapokea kwa urahisi. Mdogo wangu alipoelezwa alicheka. "Kama ni chuma, si alambe misumari?" Nasi tukacheka. Tulidhani ni utani.

Tangu hapo kila nikipika nyama, yeye ndiye wa kwanza kupakua. Mkewe anaachiwa mchuzi. Nimemsema mpaka mdomo umekauka. Jibu lake ni kwamba anayetoka jasho ni yeye.

Mnamo tarehe 12, saa moja jioni, nilimpakulia wifi mapema. Alikuwa ameketi chini jikoni, kwa sababu akisimama anashikwa na kizunguzungu. Mdogo wangu aliingia, akasema, "Lete hapa."

Wifi akajibu, "Leo hapana. Hii ya mtoto."

Alilikumbatia bakuli. Mumewe akalivuta kwa nguvu, mchuzi wa moto ukamrukia yeye mwenyewe kifuani. Wifi hakummwagia. Nilikuwa hapo hapo, nimeshika mwiko. Kisha akampiga mkewe kofi. Wifi alijaribu kuinuka, akaanguka, akazimia.

Majirani walinisaidia kumfikisha hospitali. Anaongezewa damu. Daktari anasema mtoto bado anacheza. Mdogo wangu hakufika huko. Alikuja hapa kituoni kumshtaki mkewe kwamba amemchoma makusudi.

Nyumba ni yake. Leo sijui nitarudi wapi.

Sina la kuongeza wala la kupunguza.

Sahihi: (ametia)

Koplo wa zamu: Nimeyaandika na kumsomea. Wakati nikisoma, mlalamikaji aliingia akamwambia, "Dada, mimi ni damu yako." Shahidi akajibu, "Najua, mdogo wangu." Akaomba kalamu.