Jumamosi Aliyopotea Baba

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba haitasikika huku, lakini mimi siwezi kuanza kuongea na wewe bila salamu.

Habari ya kwanza ninayokuletea ni kwamba Jumamosi iliyopita Baba alipotea kutwa nzima, na tangu siku hiyo nyumba hii ina raha ambayo hatujaionja tangu ututoke. Acha nikusimulie taratibu, maana ungekuwapo ungenikatiza kila neno.

Ulipoondoka, Baba alikaa. Sina neno jingine. Alikaa kwenye kile kiti cha kamba hapo barazani, akitoka kwenda msikitini na kurudi, redio imezimwa. Chakula anakishika tu. Unamjua. Tangu alipokuja kutoka Kondoa akiwa kijana, kuwa fundi mitambo kiwanda cha nguo, alikuwa na njia zake tatu katika mji huu: ya kazini, ya msikitini na ya sokoni. Kiwanda kilipomstaafisha zikabaki mbili. Sisi tukijifunga khanga zetu Jumamosi mchana alikuwa akitutazama kama watu waliopungukiwa.

"Twende basi, Baba Saidi," ulikuwa ukimwambia.

"Wapi?"

"Sijui. Ndiyo maana nakwambia twende."

Naye anaongeza sauti ya redio. "Mtu anayetoka bila shughuli ni mzururaji," anasema, na wewe unacheka mpaka getini.

Mama, mimi nimeijua Morogoro kwa uzururaji huo. Siku moja tunafuata mfereji kutoka kwenye chemchemi mpaka unapopotelea kwenye bustani ya mchicha ya mtu. Siku nyingine tunakata kona kila tunapoona mlango wa buluu. "Fuata kitu, usifuate mtu," ulinifundisha. "Kumfuata mtu ni uchawi." Na lile godoro je? Lilipita limefungwa kwenye baiskeli, ukanishika mkono, tukalifuata hadi Kihonda, tukaangukia kwenye nyumba yenye harusi. Hakuna aliyetuuliza sisi ni nani. Ulikaa ukamenya viazi hadi magharibi kama shangazi wa bibi harusi, na ulipopewa sahani ya pilau ukalalamika kwamba chumvi imezidi. Nilitamani ardhi ipasuke. Leo nikikumbuka nacheka peke yangu dukani, wateja wananishangaa.

Baada ya msiba nilijaribu kutoka Jumamosi moja. Nilifika kwenye mashine ya kusaga, nikaona mlango wa buluu, na... basi. Nikarudi.

Tulipomaliza arobaini Baba aliniita. "Tatu, mlikuwa mkienda wapi na mama yako?"

"Popote, Baba."

Alinitazama kama mtu anayefichwa jambo. "Basi nipeleke huko."

Nikampeleka. Ilikuwa aibu tupu. Alitembea kama aliyechelewa zamu, mikono nyuma, haangalii kulia wala kushoto, na kila baada ya nyumba chache anauliza kama tunakaribia. Tulipofika Mji Mpya nilimwambia achague yeye kona. Akasimama katikati ya njia. Alisimama muda mrefu, Mama, mtu mzima yule aliyekuwa anafungua mashine nzima na kuirudisha, hajui akate wapi. "Hakuna kitu huku," akasema kwa hasira, akageuka nyumbani. Usiku ule sikumsikia hata akikohoa. Nikajua kwamba alikuwa anatafuta mahali ulipo, na mimi nimempeleka mahali ambapo hupo.

Nilimpigia kaka Saidi kule Dar, nikamwomba amchukue Baba akakae kwake. Kaka hakubishana. Alikuwa amekwisha kuandaa chumba, amepaka rangi, amenunua na kitanda kisicho kirefu ili Baba asisumbuke kushuka. "Jumamosi nakuja kumchukua," akasema. Baba alipoelezwa aliitikia tu kwa kichwa. Nilimfulia kanzu zake nikazikunja sandukuni, na nilikuwa nakunja huku nalia, maana nilijua akiondoka vile atakuwa amehama kutoka kiti hiki kwenda kiti kingine.

Basi, Jumamosi Saidi alishuka stendi ya Msamvu mapema, akafika nyumbani, sanduku lipo, simu ya Baba ipo kwenye chaji, Baba hayupo.

Tulianza na msikitini. Hayupo. Kijiwe cha kahawa hawajamwona. Saidi alikwenda mpaka hospitali na bodaboda, akarudi jasho linamtiririka kwenye shati lake la kazini, anasema twende polisi. Lakini mimi nikakukumbuka wewe. Nikamwendea jirani yetu Mama Neema, aliyekuwa anakaanga maandazi tangu alfajiri, nikamuuliza swali lililomfanya Saidi adhani nimechanganyikiwa.

"Mama Neema, asubuhi hii kimepita nini hapa?"

"Kimepita nini kivipi?"

"Kitu chochote cha kutazamwa."

Akafikiri. "Labda kile kioo. Watu wawili wamebeba kioo cha kabati, kirefu kama mlango. Milima yote ya Uluguru ilikuwa imo humo inatembea. Hata Mzee alinyanyuka kitini kukiangalia."

Mama, nilipiga kelele. Saidi akauliza kuna nini, nikamwambia, "Baba amefuata kioo," akanitazama, kisha uso wake ukabadilika. Yeye ndiye uliyeanza naye kutembea, kabla mimi sijazaliwa. Alikuwa amesahau.

Tukakifuata kioo. Kila tulipouliza, watu walikuwa wamekiona, maana kioo kile hakipiti kimyakimya. Dereva mmoja wa bodaboda akatuambia, "Kimepita, na dingi mmoja yuko mbele anazuia magari kama trafiki." Karibu na soko mama muuza ndizi akasema mzee huyo aliwasimamisha wapumzike, akawaonyesha namna ya kukishika kwa chini ili kisipinde. Saidi akaanza kucheka. Tukapita Boma, njia ikaanza kupanda, viatu vyake vya mjini vinateleza, na anacheka, na ananionyesha vitu: lile kanisa, ile nyumba ya mawe, hapa Mama alininunulia miwa, Tatu, pale nilianguka. Hatukuwa na haraka tena. Sijui hofu ilitutoka kwenye kona gani.

Kioo tulikikuta Towero, kimesimamishwa ukutani kwenye nyumba mpya ambayo hata plasta haijakauka. Mwenye nyumba, dada mmoja Mluguru mwenye mtoto mgongoni, akatukaribisha maji. "Yule baba? Amekula ugali hapa na majani ya maboga, amekula haswa. Kisha akauliza huu mto unatoka wapi. Nikamwambia juu. Akavua viatu."

Tukapanda kando ya mto. Hatukufika mbali. Baba alikuwa anashuka ndani ya maji, suruali ameikunja hadi magotini, viatu mkononi, baraghashia imelala upande. Alipotuona hakushtuka.

"Baba, umepotea!" Saidi akamwambia, na sauti yake ikakatika katikati.

"Nimepotea wapi? Si mmeniona?"

Tukakaa kwenye mwamba, sote watatu, miguu majini. Mji wote ulikuwa chini yetu, mabati yanang'aa hadi kule Mazimbu. Baba alisema amekaa pale juu saa nzima anatafuta paa la nyumba yake na hakuliona, na kwamba miaka yote hii alidhani mlima huu ni wa kuleta mawingu tu. Kisha akasema, "Mama yenu alikuwa akiyajua haya yote, hakuniambia?"

Nilitaka kunyamaza. Sikuweza. "Alikwambia, Baba. Kila Jumamosi."

Akalia, Mama. Ni mara ya kwanza tangu tukuzike. Alilia kwa sauti, mto unapita, na Saidi akamshika bega, na mimi nikawaacha, nikanawa uso. Alipomaliza alivuta pumzi kubwa akasema ana njaa tena.

Saidi alirudi Dar Jumapili, peke yake. Baba alimsindikiza mpaka stendi. "Chumba chako ni kizuri, mwanangu, nitakuja kulala humo siku mbili tatu," alimwambia. "Lakini huu mji sijaumaliza." Saidi hakumlazimisha. Alinikumbatia akaninong'oneza kwamba mwezi ujao atakuja na viatu vya raba.

Hizo ndizo habari zetu. Usidhani huzuni imekwisha. Upande wako wa kitanda Baba haulalii, na mimi bado ninapika chai ya watu watatu. Lakini jana aliniona ninaandika, akauliza ni nini, nikamwambia ni barua yako. Hakucheka wala hakushangaa.

"Nimwambie umefika wapi?" nikamuuliza.

Akafikiri, akifunga kamba za viatu. "Usimwambie nimefika. Mwambie tu nimetoka."

Basi, Mama, ametoka. Mungu akulaze pema, akupe nafasi kubwa huko uliko. Nami nakuahidi jambo moja: Baba akishika njia, sitamuuliza anakwenda wapi. Nitamngojea na chakula, nimuulize akirudi.

Mwanao,
Tatu