Mechi Moja Tu Kati ya Tatu

Ijumaa, 7 Juni

Tumefungwa tena. Tisa kwa tatu. Na hizo tatu zenyewe ni za Chuy.

Ilikuwa hivi. Chuy, yule muuza nyama wa ghorofa ya chini, kapanda na sahani ya soseji za kuchoma. Kafika mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje — paa! Redio ikalipuka. Mpigaji wetu wa besiboli kaupiga mpira kwa gongo mpaka kwenye viti vya watu. Mama akapiga kelele, "Chuy! Usisogee hapo!"

Maskini Chuy kaganda. Sheria ya Mama haina mjadala: timu yetu ikianza kupata pointi, kila mtu anabaki pale pale alipo mpaka raundi iishe. Umekaa, kaa. Umeinama, inama. Marehemu Baba aliwahi kutoka kumwaga takataka, timu ikaanza kupata, Mama akamfungia mlango akabaki kwenye baraza la nyuma, mvua inanyesha. Alikohoa wiki nzima. Lakini tulishinda!

Basi Chuy kasimama na sahani, jasho linamtoka, tukapata moja, mbili, tatu. Halafu simu yake ikalia mfukoni. Akageuka kuitafuta. Kwisha! Mpigaji aliyefuata katolewa, na hatukupata kitu tena mpaka mwisho.

"Bibi Stefa, niligeuka kidogo tu," Chuy anajitetea.

"Umegeuka na mechi imekwenda," Mama kamwambia.

Soseji tulikula lakini. Tamu kweli.


Jumapili, 9 Juni

Leo kumenuka hapa nyumbani!

Vida kaja kula mchana na mumewe Gordon. Huyu dada yangu — kazaliwa hapa hapa Kusini mwa jiji, kakulia hapa, kabatizwa kanisa la kona, kaja kuolewa Kaskazini, na tangu hapo anavaa kofia ya bluu ya timu ya huko kama vile hajui katoka wapi. Gordon ni daktari wa meno. Mtu mzuri, sina neno. Ila anatia tomato sosi kwenye soseji, mwiko mkubwa mtaani kwetu. Mbele za watu! Mama huwa anageuza uso.

Vida akaanza ule wimbo wake. Mama ahamie kwao. Kuna chumba. Kuna lifti. Hapa ghorofa ya tatu ngazi zitamuua, goti lenyewe bovu, tangu Pasaka hajashuka chini hata kwenda misa.

Nikasema ngazi hazijaua mtu, mbona mimi nazipanda kila siku na mifuko.

"Wewe huna miaka themanini na tatu," Vida kanijibu.

"Na wewe huna adabu," nikamwambia.

Tukaanza. Gordon kainamia sahani yake kama anatafuta jino.

Mama akagonga meza na kijiko. Kasema, basi, tuamue kwa mpira. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili timu yetu inacheza na hao wa Kaskazini. Ikishinda hata mechi moja tu kati ya tatu, yeye haondoki hapa, na Vida asimsumbue tena mpaka anazikwa. Ikifungwa zote tatu, anafunga mizigo anakwenda kwa Vida.

Vida kafurahi mpaka kapaliwa. Mimi nikaruka nikampa Mama mkono kabla hajabadili mawazo. Moja kati ya tatu! Hata kipofu akitupa mawe matatu moja litapata kitu.

Nimefika kitandani ndio nimekumbuka ni timu gani tunayoizungumzia.

Mungu wangu.


Jumatatu, 10 Juni

Kazini. Hili duka la kufulia lina mashine kumi na mbili na midomo zaidi ya hiyo. Habari ya Mama nimemwambia Chuy peke yake. Na yule mama anayeleta mapazia kufua. Na kaka wa posta, maana aliuliza. Kufika saa nne kila mtu anajua!

Wananicheka kweli kweli. Kaka wa posta kasema, "Dada Aldona, anza kumzoea Mama yako kwa simu." Mama wa mapazia kasema timu yetu juzi wachezaji wawili walikimbilia mpira mmoja wakagongana vichwa, mpira ukapita katikati unacheka. Nikamwambia angalau walikimbia! Mwezi uliopita walikuwa hawakimbii.

Nimecheka nao. Lakini nilipokuwa nakunja mashuka nikafikiria. Nyumba ile bila Mama nitaongea na nani? Mimi sikuolewa, sikuzaa, sikwenda popote. Miaka yote ni mimi na Mama na redio. Asubuhi yeye ndiye anayeniambia nimevaa sweta kinyume.

Haya, yaishe. Mechi moja tu. Nimewasha mshumaa kanisani. Padri kaniuliza wa nani, nikasema wa mgonjwa. Si uongo.


Jumatano, 12 Juni

Mama kampa Lupe, mke wa Chuy, ile treya yake ya viazi vya kuoka. Ile kubwa ya chuma, aliyopewa na mama yake! Nimekuta Lupe anashuka nayo kaikumbatia kama mtoto. Nikamuuliza Mama, kulikoni? Kasema nzito, mikono haiwezi tena. Nikamwambia mimi si nipo nitakubebea? Kasema, "Wewe unaunguza."

Kweli naunguza.

Jioni alikuwa na Vida kwenye simu. Mimi sikuwa nasikiliza, nilikuwa napangusa vumbi mlangoni. Nimesikia anauliza lifti inabeba watu wangapi. Halafu kanisa la huko, lina ngazi mbele au ni tambarare? Na jua la asubuhi linaingia dirisha lipi?

Nimecheka peke yangu. Mama anamchezea Vida! Anampa matumaini ili akifungwa aumie zaidi. Mama bwana, ukorofi hauzeeki.

Gordon kanitumia picha ya ufagio. Timu ikishinda mechi zote tatu hapa watu hupeperusha mifagio — wamewafagia wenzao. Nikamjibu: shemeji, fagia kwanza tomato sosi mdomoni. Karudisha vikatuni vya kucheka, saba. Mtu mzuri, nilishasema.


Ijumaa, 14 Juni

Kumi na moja kwa sifuri.

Sina la kuandika. Sifuri!


Jumamosi, 15 Juni

Hii ya leo imeniuma. Tano kwa nne. Tulikuwa mbele mpaka raundi ya tisa! Mpira ukaja wa kudaka, mpira wa kupewa, hata mimi na aproni ningeudaka. Mtu wetu kaangalia juu, kanyoosha mikono — jua likampiga machoni. Miwani alikuwa nayo. Juu ya kofia!

Chuy katoka nje akakaa kwenye ngazi, kashika kichwa. Mimi nimeshindwa kula.

Mama? Mama kala vizuri. Kasema, "Magunia haya, nimeyajua tangu enzi za baba yako," akaomba chai. Halafu ananiambia nimshushie lile sanduku lake la kahawia juu ya kabati, anataka kuangalia kama zipu bado inafanya kazi.

Nikamwambia zipu imekufa. Akasema angalia basi. Nikasema kesho. Alipolala mchana nimelibeba nimelipeleka kwa Chuy, nimelificha nyuma ya jokofu la nyama. Chuy kaniuliza limebeba nini. Nikasema limebeba maisha yangu, funga mlango.

Imebaki moja.


Jumapili, 16 Juni

Naandika nikiwa chooni. Nimekalia ukingo wa beseni la kuogea, na siruhusiwi kutoka.

Nieleze vizuri.

Leo Siku ya Kina Baba, asubuhi tuliweka maua mbele ya picha ya Baba. Vida na Gordon wakaja, Gordon na ufagio kweli! Mpya, una utepe wa bluu. Kamkabidhi Mama. Mama kaupokea, kaugeuza, kasema, "Wa kwako ni laini, mkwe wangu, kama meno ya wateja wako." Tukacheka wote. Chuy akaja na soseji, tukafungua redio. Televisheni Mama haitaki, anasema inamwonyesha anachotaka kusahau.

Mpaka raundi ya saba tulikuwa tumefungwa nne kwa sifuri. Vida anaongea habari za rangi ya ukuta, eti Mama anapenda krimu au kijani. Mama anajibu! Kijani, anasema. Mimi machozi yakanilenga. Sikutaka wanione. Nikasema nakwenda chooni mara moja.

Nimefunga mlango tu — paa!

Nimesikia kelele za uwanja mzima. Mtu wetu kaupiga mpira, wawili wamekimbia vituo mpaka wamerudi nyumbani, pointi mbili. Nne kwa mbili! Nikashika komeo nitoke, Chuy kanguruma huko sebuleni, "Aldona! Usitokeeee! Baki huko huko!"

Sheria ni sheria. Nikabaki.

Hawajamaliza kushangilia, tukapata ya tatu. Raundi ya nane tukapata ya nne. Nne kwa nne! Mimi nimepiga magoti kwenye zulia la chooni. Chuy analia kama ng'ombe, anasema ni choo, ni choo, tungemweka chooni tangu Aprili! Gordon anasema hii si haki, mnatumia mabomba ya choo. Nikapaza sauti, "Shemeji, ufagio wako uko wapi?" Akajibu kaukalia.

Halafu yule yule wa miwani. Yule aliyedondosha mpira jana! Kaupiga sijui wapi huko, mtangazaji mwenyewe sauti imemkatika. Tano kwa nne, sisi mbele!

Nimecheka mpaka nimegonga kichwa kwenye sinki.

Sasa ni raundi ya tisa. Wanapiga wao wa Kaskazini, ni zamu yao ya mwisho. Tukiwatoa watu watatu tu, mechi ni yetu, Mama anabaki, basi. Ndio nimetoa hiki kidaftari kwenye aproni, maana nisipoandika nitapasuka.

Mmoja katolewa! Chuy kapiga ukuta.

Lakini kitu kimoja. Sauti ya Mama sijaisikia. Tangu tuanze kupata, sijamsikia hata mara moja. Na Mama tukipata pointi hata majirani wa mtaa wa pili wanajua.

Wa pili katolewa!

Nasikia fimbo. Tok, tok, tok. Fimbo ya Mama. Mama anatembea! Katikati ya mechi! Chuy kashtuka, "Bibi Stefa, kaa! Unafanya nini, sheria!"

"Sheria nimeitunga mimi," Mama kasema.

Vida anamwambia, "Mama, mwache tu." Kasema kwa sauti ya chini, si sauti yake ya kila siku.

Fimbo imefika mlangoni. Kagonga.

"Aldona. Toka, mwanangu. Viazi vinapoa."

Nikamwambia, Mama, bado mmoja tu! Nikitoka tutafungwa!

"Toka ule viazi."

Viazi gani? Hakuna viazi. Leo tumekula soseji. Treya yenyewe iko kwa Lupe.

Ngoja.

Treya iko kwa Lupe. Na lifti inabeba watu wangapi. Na kanisa lisilo na ngazi. Na zipu, na jua la asubuhi, na ukuta wa kijani. Mimi napangusa vumbi nacheka, najiona mjanja.

Mama anaijua hii timu kuliko makocha wao. Kuliko mtu yeyote mtaa huu. Mwaka mzima anawaita magunia. Halafu kitu kikubwa hivi akaenda kukiweka mikononi mwa magunia — ili asije akaniambia mwenyewe, kwa mdomo wake, usoni, kwamba anataka kwenda.

Na hii timu nayo! Miezi mitatu wanashindwa kudaka hata mafua. Leo! Leo ndio wamekumbuka kucheza! Hawa watu hawana hata adabu ya kufungwa siku ukiwahitaji.

Mtangazaji anasema wao wana mtu kituo cha pili na mwingine cha tatu. Mpigaji wao huyu akipiga, hao wawili wanarudi nyumbani, wanapita mbele. Akikosa, tumeshinda. Uwanja mzima umesimama.

Chuy anapiga kelele, "Aldona usifungue! Nakuomba kwa jina la watakatifu wote, usifungue!"

 

Mama yuko hapo hapo. Namsikia anavyopumua, zile pumzi zake za goti likimuuma. Ngazi zile hajazishuka tangu Pasaka, na mimi namletea misa kwenye redio, naona namfanyia hisani.

Kagonga tena. Kidogo tu, kwa kidole.

"Fungua, mama," kaniambia. Ananiita hivyo nikiwa na homa tu.

Mkono wa kulia unaandika. Wa kushoto uko kwenye komeo. Mtangazaji anasema mrushaji wetu ameinua mguu