Kijitabu cha Wino wa Kijani

Maalim,

"Mtoto wa mfugaji hawezi kuelewa kifungu cha Kiingereza. Mpe majibu akariri, atapita." Maneno hayo aliyasema naibu wa mwalimu mkuu Jumatatu, katika chumba cha walimu, huku akikoroga chai yake. Nilimrukia. Nilimwambia huo ni uongo, tena uongo wa mtu mvivu. Mtoto huyu amelelewa kwa habari. Mgeni akitokea malishoni huambiwa "Warran", yaani tupe habari, na habari yenyewe huchujwa: mvua imenyesha wapi, kisima kipi kimekauka, nani ameona na nani amesikia tu. Msikilizaji akielewa vibaya, atahamishia ngamia wake kwenye vumbi. Kama huo si ufahamu, basi ufahamu ni nini?

Hoja hiyo ni yako. Nilipokuwa Kidato cha Pili, ulikuwa ukimtoa mmoja wetu nje na kifungu, akisome peke yake, kisha aingie kama msafiri. "Warran!" Anatueleza kwa Kisomali, nasi tunambana kwa maswali. Zamu yangu ilikuwa treni iliyokwama kwenye theluji. Nikasema abiria walikasirika. Ukaniuliza, "Umeona, au umesikia?" Nikarudi nje kusoma tena. Hawakukasirika, waliogopa. Darasa likacheka: "Habiba, umetuulia ngamia!" Mpaka leo, na mvi hizi, sisomi barua ya serikali bila kusikia swali lako.

Basi nilidhani nimemmaliza naibu. Akafungua droo, akatoa kijitabu kile wanachokariri Kidato cha Nne tangu ufe. Majibu yaliyopikwa tayari, ya kupachikwa kwenye kifungu chochote: mwandishi ana huruma, mwandishi anafurahia maendeleo. Nikamuuliza ni mjinga gani aliyeandika upuuzi ule.

"Walaal, dada yangu," akasema, "hiyo ni nakala tu. Hii hapa asili. Tazama mwandiko."

Wino wa kijani. Herufi zako zinazolala kushoto.

"Alinipa mwenyewe kabla ya kupelekwa hospitali Nairobi. Akasema, Habiba asijue."

Habiba asijue! Maalim, wiki uliyozikwa niliandika gazetini kwamba hukuwahi kumdanganya mwanafunzi. Niligombana na watu kwa ajili yako. Nilipokuja hospitalini ulinishika mkono ukaniambia, "Usiwaachie watoto wangu." Na kijitabu kilikuwa kimeshatoka mkononi mwako.

Unamkumbuka Fardosa, binti wa mchunga ngamia wa Modogashe? Hakuna aliyemshinda kutoa habari. Katika mtihani wa majaribio walipewa kifungu cha soko lililoteketea, watu wakilia juu ya majivu. Fardosa akaandika kwamba mwandishi anafurahia maendeleo. Nilimwita. Akainamisha kichwa: "Mwalimu, sikukisoma. Kijitabu kinasema tusipoteze wakati kwenye kifungu."

Nimetafuta udhuru wako. Ulikuwa mgonjwa. Ofisi ya elimu ilikuwa ikikusimanga kwa matokeo kila mwaka. Labda ulitaka wapite tu, hata kwa mlango wa nyuma, kabla hujafumba macho. Huenda. Lakini hilo nimelikisia. Nililoliona ni mwandiko. Nawe ulinifundisha nisichanganye mambo hayo mawili.

Nitaendelea kukuombea dua, kwa sababu ulinifungua macho, na deni la namna hiyo halifutwi na kosa moja. Ila sitakutetea tena kwa hili. Ninachoahidi ni kuilinda kazi yako dhidi ya mtu yeyote, wewe ukiwa wa kwanza. Lala salama, Maalim. Mungu akupanulie kaburi.

Na ninyi wa Kidato cha Nne, mnaosomewa barua hii asubuhi ya leo, mtihani umebaki wiki tatu. Naibu amenionya nisiwaguse. Nawagusa. Vijitabu vyote viletwe mezani kwangu, sasa hivi, na asiniambie mtu kwamba chake kimebaki bwenini. Fardosa, chukua kifungu cha soko, toka nje, ukisome mpaka neno la mwisho. Kisha uingie utupe habari.